Ingiza mkono hadi chini ya gunia: ninavyopima habari ya kwenye simu

Mteja mgeni akifika soko la Mwaloni, hapa Kirumba, Mwanza, utamjua kwa namna anavyonunua dagaa. Anasimama mbele ya gunia, anaangalia juu, anaona dagaa weupe wanaong'aa, anauliza bei. Mwenyeji hafanyi hivyo. Anakunja mkono wa shati, anauzamisha mpaka kwenye kiwiko, anachota ngumi moja ya chini kabisa, anaisugua viganjani aone mchanga unaobaki, halafu ananusa. Maana muuzaji akitaka kukuuzia dagaa wa kuanikwa mchangani, juu atakupangia wa kwenye chanja. Nayajua haya kwa sababu zamani, kabla sijaokoka, nilikuwa napanga hivyo mwenyewe.

Nauza dagaa mwaka wa kumi na tisa sasa. Pia mimi ni admini wa grupu la WhatsApp la wauzaji wenzangu, watu 214, wa hapa na wa visiwa vya ziwani, na wateja wachache wa Kahama na Kongo. Pamoja na ujanja wote wa gunia, Oktoba 2024 niliuziwa habari ya juu juu, nikaila nzima nzima, kisha nikawalisha na wenzangu.

Ilikuwa video fupi. Chombo kimejaa watu, kinalala upande, watu wanamiminika majini, na nchi kavu iko pale pale karibu. Juu yake wameweka wimbo wa maombolezo. Chini maandishi: "UKEREWE LEO ASUBUHI. Mungu tunusuru." Sikujiuliza lolote. Sisi wa ziwa hili la Victoria tuna kidonda. Meli ya MV Bukoba ilipozama mwaka 1996 ilichukua mamia ya watu, na tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kikapinduka kikiwa kinakaribia kisiwa cha Ukara, wakafa watu 228. Mtu mwenye kidonda ukimgusa kidogo tu anaruka, nami niliruka na kidole kikiwa tayari kwenye mshale wa kusambaza, nikaituma kwenye grupu.

Mwenzangu mmoja, meza ya tatu kutoka kwangu, mtoto wake alikuwa njiani na meli kutoka Nansio, Ukerewe. Alifungua simu, akaitazama ile video, akakaa chini katikati ya magunia bila kusema neno. Tukampigia kijana, simu haipatikani. Tukapiga tena. Saa mbili nzima tulimpepea kwa kipande cha boksi, na mimi nikijua kabisa ni mkono wa nani uliomwangusha. Kijana akaja saa tisa alasiri, mzima, kabeba mfuko wa machungwa ya Ukerewe, anashangaa mama yake analilia nini. Simu ilikuwa imeisha chaji.

Ile video haikuwa ya kuigiza. Ilikuwa ya ziwa Kivu, karibu na bandari ya Kituku mjini Goma, Kongo, ambako boti ilizama tarehe 3 Oktoba 2024 na kuua makumi ya watu. Picha ilikuwa ya kweli na misiba ilikuwa ya kweli, ila maneno yaliyobandikwa juu yake ndiyo yalikuwa ya uongo. Tangu siku hiyo nimegundua kwamba uongo mwingi unaoingia kwenye simu yangu ni wa aina hii: dagaa wazuri juu, mchanga chini. Hakuna anayejisumbua kutengeneza picha mpya kama ya zamani bado inauzika.

Basi nitaeleza ninavyofanya siku hizi. Si utaalamu, ni mazoea tu, na mengine nimefundishwa na kijana fundi simu wa Makoroboi ambaye nilimpelekea kioo akanirudishia na akili.

Cha kwanza naanza na mwili wangu. Nikifungua ujumbe nikahisi moyo unakimbia, au hasira imepanda, au nacheka mpaka nataka kila mtu acheke, naiweka simu chini ya mzani na kupima gunia moja au mawili ya wateja. Ndiyo, kabisa, chini ya mzani. Aliyeandika ule ujumbe alitaka moyo wangu ukimbie, na kama ameupata moyo, kidole hakitamshinda. Dakika kumi hazijawahi kumdhuru mtu niliyechelewa kumtumia habari. Kama kuna ajali kweli huko ziwani, waokoaji hawasubiri grupu letu.

Nikirudi kwenye simu natazama mishale. WhatsApp huweka mshale mmoja mdogo juu ya ujumbe uliosambazwa, na mishale miwili kama umeshapita mikono mingi. Wa mishale miwili haukubali kutumwa sehemu nyingi kwa mpigo, ni mazungumzo mamoja kwa wakati mmoja. Waliweka hivyo tangu 2020. Mishale miwili haimaanishi uongo. Inamaanisha aliyekutumia hakuandika, na aliyemtumia yeye hakuandika, kwa hiyo "kanitumia shemeji yangu, hawezi kunidanganya" haina maana hapo. Shemeji yako naye ni kama mimi nilivyokuwa, mchukuzi tu.

Halafu namuuliza aliyenitumia swali moja: "Umeona mwenyewe?" Silisemi kwa ukali. Akisema ameona, nauliza yuko wapi sasa hivi, apige picha nyingine. Akisema "imetoka grupu la kanisa", nimeshajua naongea na nani. Utashangaa habari ngapi zinafia kwenye swali hilo dogo.

Natafuta pia lini na wapi. "Leo asubuhi" si tarehe. Ujumbe ukiandikwa "leo asubuhi" mwaka 2019, ukiusoma mwaka huu bado utasema leo asubuhi, hauchakai. Anayetoa habari ya kweli hana sababu ya kuficha siku, jina la mwalo ambako mitumbwi hutia nanga, jina la chombo na aliyezungumza. Ujumbe wenye "afisa mmoja mkubwa" na "kisiwa kimoja" na "sambaza kwa watu ishirini", huo ni gunia lililoshonwa mdomo.

Lakini sasa nifike kwenye jambo ninalolipenda, ambalo vijana wa kompyuta huwa hawalisemi. Kipimo chako cha kwanza ni kazi yako. Unajua vitu ambavyo mwongo hajui.

Siku moja ikaingia sauti kwenye grupu. Mwanamume anahema, anasema usiku wa kuamkia leo mitumbwi kumi na miwili ya dagaa imezama ng'ambo ya Igombe kwa upepo, miili inatafutwa. Watu wakaanza kuandika pole, alama za kulia zikajaa kioo. Mzee mmoja wa humo, mvuvi mstaafu ambaye kwa kawaida haandiki kitu zaidi ya "amina", akaandika hivi: "Jana mwezi ulikuwa wapi?"

Grupu likanyamaza. Jana yake ilikuwa mbalamwezi, mwezi mzima, unaweza kuokota sindano nje. Na kila mtu aliyewahi kula jasho la ziwa hili anajua dagaa huvuliwa gizani. Taa inawashwa juu ya maji, zamani karabai, siku hizi za sola, dagaa wanaifuata nuru, nyavu zinawazunguka. Mwezi ukijaa, ziwa zima lina nuru, dagaa hawakusanyiki kwenye kitaa chako, wavuvi wanavuta mitumbwi nchi kavu, wanashona nyavu na kuoa. Mtu mmoja anaweza kuzama usiku wa mbalamwezi, hilo lipo. Ila mitumbwi kumi na miwili ya dagaa, hapana. Nikapiga simu Igombe kwa mama ninayechukua mzigo kwake. "Mama Kulwa," akaniambia, "mwalo mzima umelala usingizi, wewe unatafuta maiti gani?"

Kwa hiyo ukipata ujumbe, kabla ya kutafuta mtaalamu, jiulize: mimi hapa najua nini kuhusu jambo hili? Dereva anajua kama basi linaweza kutoka Geita na kufika Musoma kwa saa mbili. Mwalimu anajua kama matokeo hutoka mwezi huo. Nesi anajua dawa ile inakaa kwenye kabati gani. Na kama hujui chochote, basi unamjua anayejua, na namba yake unayo.

Sasa picha na video. Hapa ndipo kijana wa Makoroboi alinikalisha. "Shikamoo mama, hii nayo ni kazi ya dakika mbili," akasema, na kweli ikawa mbili. Simamisha video mahali panapoonekana vizuri, piga picha ya skrini. Fungua programu ya Google, kwenye sehemu ya kutafutia kuna alama ya kamera, ibonyeze, uchague ile picha. Itakuletea picha zinazofanana popote zilipowahi kuwekwa kwenye mtandao. Usisome ya kwanza ukaridhika. Shuka chini utafute ya zamani kuliko zote. Ukikuta picha ya "leo asubuhi" imewekwa na mtu mwaka juzi, umemaliza kazi. Video yangu ya Ukerewe ilitoa Goma katika jaribio la kwanza, na nilijisikia vibaya zaidi kwa sababu ilikuwa rahisi hivyo. Ikishindikana kwa picha moja, jaribu sekunde nyingine ya video, yenye jengo au bango.

Kama huna bando la kutosha, tumia macho. Angalia namba za magari: za kwetu zinaanza na T, pikipiki MC, za Kenya zinaanza na K, za Uganda na U. Angalia magari yanapita upande gani. Hapa kwetu, Kenya na Uganda tunapita kushoto. Rwanda, Burundi na Kongo wanapita kulia. Ukiona barabara ya "Mwanza" magari yanapita kulia, hiyo si Mwanza hata kama wameandika kwa wino wa dhahabu. Angalia sare za askari, rangi za bodaboda, mabango ya duka yameandikwa lugha gani. Sikiliza watu wa nyuma wanaongeaje. Na kama sauti imefunikwa na wimbo, jiulize kwa nini mtu aondoe sauti ya tukio kubwa namna hiyo. Mara nyingi ni kwa sababu wanaopiga kelele mle ndani wanaongea lugha ambayo ingemuumbua.

Picha za kutengenezwa na kompyuta nazo zimefika, na hizo Google inaweza isikusaidie kwa kuwa hazikuwahi kuwapo popote kabla. Mwaka huu tumeletewa sangara mkubwa kama lori la Fuso, amelazwa ufukweni, wanaume thelathini wamemzunguka. Mashangazi wote wakaandika "Mungu mkubwa". Nikamkuza kwa vidole viwili. Sangara ana mapezi mawili mgongoni, la mbele lina miiba mikali, la nyuma laini, na mkia wake ni wa mviringo. Yule alikuwa na pezi moja refu kutoka shingoni mpaka kiunoni kama la sato, na mkia umepasuka katikati kama wa samaki wa baharini. Sangara mzito wa kweli ni wa kilo mia mbili, hapo ameshakuwa wa kuitiwa watu. Huyu angekuwa wa tani. Mwanamume mmoja pale pembeni alikuwa na vidole sita, lakini nilivyo mimi, samaki ndiye aliyenishtua kwanza.

Ukitaka walioifanya kazi hii kuwa ajira, wapo. JamiiCheck na Nukta Fakti ni za hapa hapa Tanzania na zinaandika kwa Kiswahili, na PesaCheck nao huchunguza mambo ya Afrika Mashariki. Kwa upepo na mvua naangalia Mamlaka ya Hali ya Hewa, hawa hutoa utabiri wa ziwa. Wakati wa kimbunga Hidaya, Mei 2024, kuna walioandika kwenye grupu kwamba kinaingia Mwanza usiku. Kimbunga kile kilikuwa Bahari ya Hindi, kikapiga Mafia na pwani. Ramani peke yake ilitosha.

Kuna uongo mwingine usio na damu wala maombolezo, na huo ndio umetuibia pesa nyingi kuliko yote. Uongo wa bei. Tunauza pia mabondo, lile pulizo la ndani ya sangara ambalo Wachina wanalipia sana. Asubuhi moja zilizunguka sauti tatu tofauti, watu watatu tofauti, zote zinasema wanunuzi wakubwa wamesimamisha kununua, bei imeanguka, mwenye mzigo auze leo leo. Wenzetu wakauza kwa bei ya kulia. Kufikia jioni madalali wawili walikuwa wameshapakia. Kesho yake bei iko pale pale ilipokuwa.

Hapo nilijifunza kuuliza: nikiamini hiki, nani anakula? Sauti tatu zinaweza kuwa za watu watatu waliokaa kwenye benchi moja. Wengi kusema jambo moja si ushahidi mpaka ujue kila mmoja alilitoa wapi. Bei siku hizi sichukui kwenye sauti. Napigia wanunuzi wawili wasiojuana, nauliza, "Leo unapokea kwa ngapi?" Nikinyamaza kidogo, wanajisema wenyewe.

Ndugu wa uongo huo wa bei ni ujumbe wa matapeli, "ile hela tuma kwenye namba hii". Sitapoteza muda hapo, sote tumeshaipata. Isambaze kwenda 15040 pamoja na namba ya tapeli, ni namba ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ya kazi hiyo, kisha futa. Na mara moja moja piga *106# uone kitambulisho chako kimesajili laini ngapi. Mdogo wangu alikuta tano, yeye ana mbili.

Sasa niwaonye kuhusu ugonjwa mwingine, ambao mimi niliupata baada ya ile aibu ya Goma. Nilianza kukataa kila kitu. Kila habari, "uongo huo". Nikajiona mjanja. Mume wangu akanikumbusha 2018. Siku mbili baada ya MV Nyerere kupinduka, mtu akaja mbio hapa Mwaloni anasema ndani ya kivuko kilicholala chali ametolewa fundi wa mitambo akiwa hai. Nilimfukuza. Siku mbili, chini ya maji? Nikamwambia asichezee misiba ya watu. Ilikuwa kweli. Fundi alikuwa amekaa kwenye chumba cha injini palipobaki hewa, akatolewa tarehe 22. Anayekataa kila gunia bila kuingiza mkono naye hajapima.

Na kuna habari ambazo ukweli wake unakuja kwa awamu. Januari 2025 Shirika la Afya Duniani lilitoa taarifa ya wagonjwa wanaoshukiwa kuwa na Marburg, ugonjwa hatari wa virusi, mkoani Kagera. Wizara ikasema vipimo havijaonyesha. Grupu letu likagawanyika, watu wakatukanana. Tarehe 20 Rais Samia akatangaza kwamba mgonjwa mmoja amethibitika Biharamulo. Tangu hapo, habari ya ugonjwa naiandika na saa: "Mpaka leo saa nne asubuhi, kilichotangazwa ni hiki, na aliyetangaza ni huyu." Kesho ikibadilika, sijamdanganya mtu.

La mwisho ni la sisi maadmini, na ndilo gumu. Umeshakosea, umeshasambaza. Utafanyaje? Mimi siku ile nilitaka kufuta kimya kimya. WhatsApp inaruhusu kufuta kwa wote ndani ya siku mbili na ushee, na admini anaweza kufuta hata ujumbe wa mwingine. Lakini ukifuta bila kusema, walioona wanabaki na walichoona, na walioshapeleka kwenye magrupu mengine wanaendelea. Kwa hiyo kwanza sema, ndipo ufute. Sema pale pale uliposambazia, si kwa mtu mmoja mmoja. Na kama grupu lina wazee, usiandike, rekodi sauti, maana wengi wao hawasomi maandishi marefu. Yangu ilikuwa sekunde ishirini na tano: "Ndugu zangu, mimi Mama Kulwa. Ile video niliyotuma saa saba si ya Ukerewe, ni ya Goma, Kongo, ya siku zilizopita. Mimi ndiye niliyekosea. Kama umeipeleka kwingine, peleka na sauti hii." Usirudie kuiweka ile video unaposahihisha, kuna atakayeiona na asisikilize.

Wapo wanaonitisha kuhusu sheria, nami huwaambia wasome wenyewe: Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kifungu cha 16, kwa anayechapisha taarifa akijua ni ya uongo kwa nia ya kupotosha, inataja faini isiyopungua milioni tano au kifungo kisichopungua miaka mitatu, au vyote. Lakini kusema kweli sheria haikunifanya nibadilike. Yule mwenzangu wa meza ya tatu bado tunasalimiana, tunakopeshana chenji, tunalindiana meza. Ila nikituma kitu kwenye grupu, chochote, hata tangazo la mchango wa harusi, haandiki kitu. Anainuka, anapita kati ya magunia mpaka kwangu, anasimama na kuniuliza kwa mdomo: "Hii umeiona mwenyewe?"